UCHAMBUZI: Bei za kukisia zinavyowaponza wanakandarasi na kuwaumiza vibarua wao

MNAMO Januari 2024, mamlaka inayosimamia sekta ya ulinzi wa kibinafsi nchini, PSRA, iliagiza kwamba mlinzi jijini Nairobi asilipwe chini ya Sh30,000 kwa mwezi. Waajiri katika sekta hiyo walipinga agizo hilo, na mzozo ukafikishwa mahakamani. Katika mvutano huo wote, kila upande ulizungumzia mshahara: iwapo ni haki, iwapo unawezekana, na nani mwenye mamlaka ya kuuweka. Swali moja muhimu halikupewa uzito uliostahili, nalo ni hili: kampuni inayomtoza mteja fedha kwa kila mlinzi au mfagiaji huikokotoa vipi bei hiyo?

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la wahasibu peke yao. Lakini ukweli ni kwamba hatima ya maelfu ya Wakenya wanaofanya kazi chini ya wanakandarasi wa huduma hufungwa siku ambayo bei huandikwa kwenye stakabadhi ya zabuni. Hao ni walinzi, wafagiaji, mafundi wa jenereta, mabomba, lifti, umeme na mitambo ya kupoza hewa. Bei ikiwa pungufu, hakuna chama cha wafanyakazi wala amri ya serikali itakayoweza kuufanya mfuko mtupu utoe mshahara. Mwajiri atachelewesha malipo, atakwepa makato ya kisheria, au atafunga biashara. Kwa vyovyote vile, anayeumia kwanza ni yule wa chini.

Makala haya yanahoji kwamba wanakandarasi wengi wa huduma hawafilisiki kwa kukosa kazi, bali kwa kupata kazi wasizojua gharama yake. Aidha, ipo mbinu ya kihesabu, isiyohitaji mtambo wa bei ghali, ambayo ingewafungua macho. Kitaalamu huitwa ukadiriaji wa gharama kwa misingi ya shughuli.

Desturi ya asilimia

Desturi iliyozoeleka katika biashara hizi ni rahisi. Mwanakandarasi hujumlisha bei ya vipuri na ujira wa fundi kwa saa atakazokuwa kazini. Hizo ndizo gharama za moja kwa moja. Kisha huongeza asilimia fulani, tuseme 40, ili kufidia gharama za jumla: kodi ya ofisi, mishahara ya makarani, gari, simu, leseni na mengineyo. Mwisho huongeza faida, labda asilimia 15, na bei huwa tayari.

Hesabu hii ina mvuto wake. Ni ya haraka, na mwisho wa mwaka jumla yake yaweza hata kulingana na matumizi halisi ya ofisi. Kasoro yake ni kwamba inachukulia kuwa kazi yenye vipuri ghali huisumbua ofisi zaidi kuliko kazi yenye vipuri rahisi. Hilo si kweli. Kazi ya Sh20,000 inaweza kuhitaji safari mbili ndefu, barua tatu za kubishania bei, na simu kumi za kudai malipo. Kazi ya Sh100,000 yaweza kumalizika kwa siku mbili mtaa wa pili, na ankara ikalipwa pasipo kukumbushana. Asilimia haioni tofauti hiyo. Huibebesha kazi kubwa mzigo usio wake, na kuiachilia ile ndogo yenye adha ipite bila kulipia usumbufu wake.

Hapo ndipo mbinu ya shughuli inapoingia. Badala ya kuuliza, "Kazi hii ni ya shilingi ngapi ili tuiongezee asilimia?", mwanakandarasi huuliza, "Kazi hii itatufanya tufanye nini, na mara ngapi?" Gharama za ofisi hugawanywa kwanza kwa shughuli zinazozizalisha, kama vile kuandaa makadirio, kusafiri, kununua vipuri, kupanga kazi na kudai malipo. Kisha kila kazi hutozwa kulingana na kiasi cha shughuli ilizozitumia.

Mbinu yenyewe ilitoka wapi?

Wazo hili lilipata umaarufu nchini Marekani katika miaka ya 1980 kupitia maandishi ya Robert Kaplan na Robin Cooper wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mnamo 1987, Kaplan na H. Thomas Johnson walichapisha kitabu cha kukosoa uhasibu wa viwandani wa wakati huo, wakisema kuwa taarifa zake zilikuwa zimepoteza manufaa kwa wasimamizi waliopaswa kuzitumia kuamua mambo.

Mfano mmoja uliofundishwa sana katika vyuo vya biashara ni wa kiwanda cha kampuni ya John Deere huko Waterloo, jimboni Iowa, kilichokuwa kikitengeneza sehemu za matrekta. Kiwanda hicho kilipotakiwa kushindania kazi na watengenezaji wa nje, matokeo yaliwashangaza wakuu wake. Kilishindwa katika sehemu zilizohitajika kwa wingi, ambazo mitambo yake mikubwa ilikusudiwa kuzitengeneza. Kilichoshinda zaidi ni vijisehemu vya idadi ndogo, vilivyohitaji mtambo usimamishwe na kutayarishwa upya kila mara. Mfumo wa zamani wa hesabu ulikuwa umeificha gharama ya matayarisho hayo na kuitupia bidhaa nyingine.

Tofauti kati ya kiwanda hicho cha Iowa na karakana ya fundi katika Eneo la Viwandani jijini Nairobi ni kubwa. Lakini maradhi ni yale yale: kushinda kazi zinazokula na kushindwa katika kazi zinazolisha.

Hesabu ya jenereta na pampu

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni moja ya Nairobi hutengeneza jenereta na pampu za maji. Kwa mwezi, gharama zake za moja kwa moja ni Sh3,000,000, na gharama za jumla ni Sh1,200,000. Kwa hivyo, hutumia kiwango cha asilimia 40 kwa kila kazi.

Sasa tuzichambue zile Sh1,200,000 kwa shughuli. Kuandaa makadirio na zabuni hugharimu Sh240,000, na kwa mwezi kampuni huandaa makadirio 80. Kila kadirio basi ni Sh3,000. Magari, pamoja na mafuta, matairi, bima na dereva, hugharimu Sh420,000 kwa kilomita 10,500, sawa na Sh40 kwa kilomita. Kutafuta na kununua vipuri ni Sh180,000 kwa manunuzi 300, yaani Sh600 kila mara karani anapotumwa Barabara ya Kirinyaga au kwa mwagizaji. Kupanga na kusimamia kazi ni Sh200,000 kwa ziara 250, yaani Sh800 kwa ziara. Kuandika ankara na kufuatilia malipo ni Sh160,000 kwa hatua 400, yaani Sh400 kwa kila ankara, barua au simu ya kudai.

Kazi ya kwanza ni ya kuhudumia jenereta tano za jengo la ofisi mtaani Upper Hill. Gharama za moja kwa moja ni Sh100,000. Kwa desturi ya asilimia, kampuni itaongeza Sh40,000, kisha faida ya asilimia 15, na kumtajia mteja bei ya Sh161,000. Lakini tazama shughuli zenyewe. Ni kadirio moja, Sh3,000. Ni safari mbili zenye jumla ya kilomita 40, Sh1,600. Manunuzi mawili ni Sh1,200, ziara mbili ni Sh1,600, na hatua mbili za ankara ni Sh800. Jumla ni Sh8,200 tu, wala si Sh40,000. Gharama halisi ni Sh108,200, na pamoja na faida ile ile bei ingekuwa Sh124,430.

Kazi ya pili ni ya kutengeneza pampu ya shule katika Kaunti ya Kitui. Gharama za moja kwa moja ni Sh20,000. Kwa desturi ya asilimia, huongezwa Sh8,000, kisha faida, na bei inakuwa Sh32,200. Lakini shule iliomba kadirio, ikaomba lirekebishwe, hivyo ni makadirio mawili, Sh6,000. Safari ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 340. Fundi alikwenda kukagua, akarudi kutengeneza, na jumla ikawa kilomita 680, Sh27,200. Manunuzi matatu ni Sh1,800, ziara mbili ni Sh1,600, na hatua sita za kudai malipo ni Sh2,400. Jumla ya shughuli ni Sh39,000. Gharama halisi ni Sh59,000, hata kabla ya kuhesabu saa ambazo fundi alikuwa ameketi garini. Kampuni iliyotoza Sh32,200 imemlipia mteja Sh26,800 kutoka mfukoni mwake.

Msomaji atambue kwamba hakuna aliyeiba hapa. Karani alikuwa mwaminifu, fundi alikuwa hodari, na mteja hakufanya hila yoyote. Hasara ilizaliwa mezani, kwenye kikokotoo.

Ushindi unaofilisi

Madhara hayaishii kwenye kazi moja. Mshindani anayejua hesabu zake atakuja Upper Hill na bei ya Sh130,000, na kandarasi ya jenereta itamwendea. Kitui, hakuna atakayethubutu kushindana na bei ya Sh32,200, na hivyo kampuni yetu itapata kazi za shule moja baada ya nyingine. Mwenye kampuni ataona simu zikilia na magari yakitoka kila asubuhi, naye atadhani kwamba biashara inanawiri.

Baada ya miezi kadhaa, kazi kubwa zikipungua, gharama za moja kwa moja zitashuka, tuseme hadi Sh2,400,000, lakini ofisi na magari yatabaki yale yale. Mhasibu atakokotoa upya na kugundua kuwa kiwango cha asilimia 40 hakitoshi tena, bali kinahitajika cha 50. Bei za kazi kubwa zitapandishwa zaidi, wateja wa aina hiyo waliosalia watakimbia, na kiwango kitapaswa kupanda tena. Mzunguko huu umezizika biashara nyingi ambazo wenyewe waliamini kwamba adui yao alikuwa uchumi mbaya au washindani wasio na haya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara za huduma, hata mali yenye daftari hupotea iwapo daftari lenyewe linaandika jumla pekee bila kuonyesha kilichoizalisha jumla hiyo.

Mfagiaji ndiye anayelipia pengo

Hatari huwa kubwa zaidi katika kandarasi za usafi na ulinzi, kwa kuwa huko gharama kuu ni binadamu. Kuanzia Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida au mfagiaji jijini Nairobi kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Tukiongeza marupurupu hayo ya asilimia 15, tunapata takriban Sh18,531. Mwajiri anatakiwa kuchangia asilimia 6 kwa hazina ya NSSF, ambayo ni Sh1,112, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo ni Sh278. Ongeza ada ya Sh50 ya mafunzo ya viwandani inayolipwa kwa NITA, na jumla inafika karibu Sh19,971.

Bado mfagiaji hajaenda likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku 21 za kazi kila mwaka, naye akiwa likizoni ni lazima mwingine ashike ufagio, kwa sababu mteja amelipia usafi wa mwaka mzima. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, nafasi hiyo hugharimu takriban Sh1,250. Tumeshapita Sh21,200, na hatujanunua sabuni, sare wala glavu, hatujamlipa msimamizi, na hatujagusa faida. Ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 nao huja juu ya hayo yote.

Kwa hivyo, kwa viwango hivyo, kampuni iliyokubali kulipwa Sh18,000 kwa kila mfagiaji jijini Nairobi ilikuwa imekwisha kutangaza, kwa maandishi, kwamba kuna mtu ambaye hatalipwa haki yake. Huenda ikawa ni NSSF, huenda ikawa ni likizo, na mara nyingi ni mshahara wenyewe. Taasisi iliyoitia saini kandarasi hiyo haiwezi kudai kuwa haikujua, kwa sababu viwango vyenyewe vimechapishwa katika gazeti rasmi la serikali.

Mbinu ya shughuli huongeza jambo jingine ambalo hesabu ya kichwa kwa kichwa hailioni. Wafagiaji 20 katika jengo moja husimamiwa kwa ziara moja ya msimamizi. Wafagiaji 20 waliotawanywa mmoja mmoja katika matawi 20 ya benki huhitaji ziara 20, mizigo 20 ya sabuni, na mtu wa akiba atakayekimbizwa mahali popote palipo na mgonjwa. Ujira wao ni sawa, lakini gharama ya kuwahudumia haifanani hata kidogo. Kampuni inayotoza bei moja kwa wote huwa inamtoza mwenye jengo ili kumfidia mwenye matawi.

Kudai malipo nako ni kazi

Shughuli nyingine isiyoonekana ni kungoja. Madeni ambayo serikali kuu na kaunti hudaiwa na wafanyabiashara yamekuwa wimbo usiokwisha nchini, kiasi kwamba mnamo 2023 serikali iliunda kamati ya kuyakagua madeni ya tangu 2005. Mwanakandarasi anayengoja hulipa mara mbili. Kwanza ni makarani na nauli za kwenda kuulizia faili. Pili ni riba. Ankara ya Sh161,000 iliyokwama kwa miezi sita, kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, hugharimu Sh12,075. Hiyo ni zaidi ya nusu ya faida ya Sh21,000 iliyotarajiwa kutoka kwa kazi hiyo.

Isitoshe, tangu Januari 2024 gharama isiyoambatana na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS haikubaliwi na KRA wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa chache zilizosamehewa kisheria. Mwanakandarasi anayenunua vipuri vidogo vidogo kwa wauzaji kadha wa kadha ana kazi mpya ya ofisini kwa kila ununuzi. Kazi hiyo husababishwa na idadi ya manunuzi, wala si thamani yake. Anayepanga bei kwa asilimia hatawahi kuiona.

Lawama dhidi ya mbinu hii

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Desturi ya asilimia imedumu kwa sababu mbinu ya shughuli ina dosari zake, na wataalamu wenyewe wamezikiri. Kampuni kubwa zilizoianza kwa mbwembwe ziliiacha baadaye. Wafanyakazi walitakiwa kujaza fomu kueleza walivyotumia muda wao, nao wakajaza kuonyesha kwamba hawakukaa bure hata dakika moja. Orodha za shughuli zilirefuka hadi zikawa mzigo. Kila bei ya mafuta ilipobadilika, hesabu zote zilihitaji kuanzwa upya.

Mnamo 2004, Kaplan na mwenzake Steven Anderson walipendekeza njia nyepesi zaidi, inayotumia muda kama kipimo. Mwanakandarasi anahitaji kujua mambo mawili tu: saa moja ya ofisi hugharimu kiasi gani, na kila shughuli huchukua muda gani. Tuseme makarani watatu na ofisi yao hugharimu Sh210,000 kwa mwezi. Saa zao za ajira ni 480, lakini ukiondoa chai, mikutano na mapumziko, zinazofaa kwa kazi ni asilimia 80, yaani 384. Saa moja basi ni kama Sh547, na dakika ni kama Sh9. Kadirio linalochukua dakika 90 hugharimu takriban Sh820.

Uzuri wa njia hii ni kwamba huonyesha pia uvivu wa ofisi, ambao si lazima uwe kosa la makarani. Ikiwa kazi zote za mwezi zilihitaji saa 300, basi saa 84, zenye thamani ya karibu Sh46,000, hazikutumika. Fedha hizo hazifai kutiwa ndani ya bei ya mteja yeyote. Ni ishara kwa mwenye kampuni kwamba ama atafute kazi zaidi, ama apunguze ofisi.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: kwamba bei huamuliwa na soko, si na daftari. Hilo ni kweli. Hakuna mteja atakayelipa Sh67,850 kwa pampu ya Kitui kwa sababu tu mwanakandarasi ana hesabu nzuri. Lakini kujua gharama si sawa na kupanga bei. Gharama humwonyesha mwanakandarasi mahali ambapo anapaswa kusimama. Akiamua kushuka chini yake, kwa mfano mwezi ambao mafundi hawana kazi na mishahara lazima ilipwe, ashuke akijua anaacha kiasi gani, na kwa muda gani. Punguzo la makusudi ni mkakati wa biashara. Punguzo lisilojulikana ni jipu.

Je, Kitui iachwe?

Kuna hofu ya haki pia. Iwapo kila mwanakandarasi atahesabu kilomita, je, shule na zahanati za mashambani hazitakosa mafundi, huku ofisi za Upper Hill zikipata bei nafuu? Hofu hii haifai kupuuzwa. Lakini lazima tukubali kwamba bei ya zamani haikuisaidia shule kwa kweli. Iliifurahisha kwa msimu mmoja, kisha fundi akaacha kupokea simu, na pampu ikakaa bila kutengenezwa, kwa kuwa kila safari ilimtia hasara.

Hesabu ya shughuli yenyewe ndiyo huonyesha dawa. Kinachofanya pampu ya Kitui iwe ghali ni barabara, si pampu. Shule nne zikipanga kazi zao pamoja, safari mbili za Sh27,200 zitagawanywa kwa nne, na kila moja italipia Sh6,800. Gharama za shughuli kwa kila shule zitashuka kutoka Sh39,000 hadi Sh18,600, na bei pamoja na faida itakuwa Sh44,390 badala ya Sh67,850. Shule zikikubaliana na kadirio la kwanza, na zikilipa kwa wakati, bei itashuka zaidi. Fundi mkazi wa Kitui mwenyewe, asiye na barabara ya kuhesabu, anaweza kuwashinda wa Nairobi kwa haki. Hayo yote hayawezi kuonekana pale ambapo safari imefichwa ndani ya asilimia.

Kifanyike nini?

Kwa mwanakandarasi mdogo, hatua ya kwanza haihitaji programu ya kompyuta. Achague shughuli tano au sita, asizidishe. Kwa miezi mitatu aandike kwa kila kazi idadi ya makadirio, kilomita, manunuzi, ziara na hatua za kudai malipo. Kisha agawanye gharama za ofisi kama tulivyofanya hapo juu, na azipange kazi zake kuanzia ile yenye faida zaidi hadi ile yenye hasara zaidi. Huenda akagundua kuwa wateja anaowanyenyekea ndio wanaomnyonya, na wale aliowasahau ndio wanaolisha familia za wafanyakazi wake.

Ushauri huu unawahusu hasa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ambao wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali. Mpango huo uliwafungulia mlango, lakini mlango si bei. Mara nyingi mgeni katika biashara huiga bei ya aliyemtangulia, akipunguza kidogo ili ashinde. Ikiwa aliyemtangulia alikuwa akikisia, basi mgeni anarithi hasara na kuiongeza. Maafisa wanaowafunza watu hawa jinsi ya kujaza stakabadhi za zabuni wangefaa kutumia muda kama huo kuwafunza jinsi ya kuhesabu gharama.

Kwa taasisi za umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 huipa ushindi zabuni yenye bei ya chini zaidi baada ya kutathminiwa. Neno la kutiliwa mkazo hapo ni kutathminiwa. Stakabadhi sanifu za zabuni tayari zina kipengele kuhusu bei za chini kupita kiasi, kinachoiwezesha taasisi kumtaka mzabuni aeleze jinsi alivyoifikia bei yake. Kipengele hicho kikitumiwa ipasavyo katika kandarasi za usafi na ulinzi, mzabuni angeonyesha mshahara, makato ya kisheria, likizo, vifaa na usimamizi, kila kimoja mahali pake. Bei ambayo haiwezi kutosheleza kima cha chini cha mshahara ingekataliwa kabla ya mtu yeyote kupewa ufagio.

Serikali nayo haina budi kuitazama sehemu yake katika gharama hizi. Kila mwezi inaochelewa kulipa, kila kadirio inaloagiza lirudiwe, na kila stakabadhi inayodaiwa mara ya pili, ni shughuli ambayo mtu fulani huilipia. Mwanakandarasi makini ataiweka katika bei ya zabuni ijayo, na mlipakodi ataigharamia. Yule asiye makini ataitoa katika mishahara.

Mjadala kuhusu ujira wa walinzi na wafagiaji utarejea, kwa maana gharama ya maisha haingoji mahakama. Utakaporejea, vyama vya wafanyakazi vingefanya vyema kudai kitu kimoja zaidi ya nyongeza: kwamba kila kandarasi ionyeshe wazi jinsi bei yake ilivyojengwa. Hapo itajulikana ni mwajiri yupi asiyeweza kulipa, na ni yupi asiyetaka.